Siki, Maganda ya Mayai na Mtihani wa Kemia

Nilipokuwa kidato cha nne, maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa vitu ambavyo utotoni sikuwahi kuviona: biskuti, sabuni za kunukia, siki ya chupa, vingi vikipitia mpakani Tunduma. Ilikuwa enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Lakini maabara ya shule yetu ilibaki tupu. Mwalimu wa kemia alituandikia ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba asidi ikiwa kali zaidi mmenyuko huenda haraka zaidi. Tukakariri.

"Kemikali za mtihani zitaletwa," alisema. "Za mazoezi hakuna."

Mimi nikaapa sitashika asidi kwa mara ya kwanza mbele ya msimamizi. Nilimwambia rafiki yangu wa dawati moja, binti wa kijiji cha Mwazye aliyekuwa akiishi mjini kwa mjomba wake, "Siki nayo ni asidi. Jumamosi njoo kwetu, mtaa wa Izia. Tutatumia maganda ya mayai."

Alikuja amevaa sweta mbili kwa baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio ananiambia leo mnapika maganda?"

Tulipanga vikombe vitatu jikoni. Kimoja tulitia siki tupu, cha pili siki na maji nusu kwa nusu, cha tatu maji mengi na siki kidogo. Tukatumbukiza maganda, tukainama kuangalia. Ajabu, cha tatu ndicho kilichotoa povu jingi kuliko cha pili.

"Basi mwalimu amekosea," rafiki yangu alisema, akaanza kukusanya daftari zake.

"Kaa chini. Tunarudia."

Nilivigusa vikombe kimoja kimoja. Cha tatu kilikuwa cha moto. Tulikuwa tumekiweka karibu na jiko la mkaa. Tena ndicho tulichokitilia maganda yaliyovunjika vipande vidogo. Tukamwaga vyote. Safari hii tuliyatwanga maganda yote pamoja, tukapima kwa kijiko kilekile, tukatoka na vikombe hadi barazani, mbali na moto.

Siki tupu ilifoka povu papo hapo. Ya nusu ilitoa viputo vya wastani. Ile ya maji mengi ilitoa kimoja kimoja, kwa uvivu. Mama aliacha kupepeta maharage, akasogea.

"Kwa hiyo hii ya mwisho imeshindwa?"

"Haijashindwa, mama. Inakwenda polepole tu."

Tulirudia kila Jumamosi mpaka mama akasema nyumba nzima inanuka kachumbari.

Siku ya mtihani tulipewa asidi ya kweli na vipande vya utepe wa magnesi. Katika asidi kali utepe uliyeyuka upesi. Katika ile niliyoizimua sana kwa maji ulikaa tu, ukitoa viputo vichache. Mwanafunzi wa meza ya pili aliona wake umezubaa, akadhani kaharibu, akaongeza asidi. Nami nikainua chupa ya asidi, nikitamani kufanya vilevile. Niliirudisha chupa mezani, nikasubiri. Msimamizi alipita, akatazama, akaendelea. Utepe uliisha kabla ya muda kwisha, nami nikaandika nilichokiona.

Matokeo yalipotoka, sote wawili tulikuwa tumefaulu kemia. Rafiki yangu alichaguliwa chuo cha ualimu. Mimi nilikwenda kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na mama alinisindikiza stendi akiwaambia abiria wenzangu, watu asiowajua kabisa, kwamba mwanawe anakwenda kusomea asidi.