Mwaka Niliopelekwa Nkoma

Harufu ya klorini kwenye ndoo ya maji naitambua hata leo. Juzi niliisikia kwenye mlango wa zahanati, nikasimama kidogo kama mtu aliyeitwa jina, na kumbukumbu zikanirudisha Jinja, kwenye nyumba za kambi ya magereza alikofanya kazi baba.

Nilikuwa darasa la saba. Shule zilikuwa zimefungwa miezi mingi kwa ajili ya korona, kisha zikafunguliwa kwa ajili yetu sisi wa mtihani peke yetu. Mimi nilifurahi. Mama alikaa akichambua maharage aliyokwisha kuyachambua.

Wasiwasi wake ulikuwa juu ya mdogo wangu Opolot, aliyezaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Nyinyi mliolea mtoto wa namna hiyo mnajua: mafua ya jirani tu yalitosha kumlaza wadi. Na mimi na Opolot tulilala kitanda kimoja.

Shule iliwaita wazazi, nami nikamfuata mama. Viti vilipangwa mbali mbali uwanjani, lakini watu waliviburuta wakasogeleana ili wasikie. Mwalimu mkuu alieleza: barakoa, kukaa kwa umbali, kupimwa joto langoni, maji ya kunawa, na watoto wote kulala bweni mpaka mtihani uishe.

Mama akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakikuzunguka.

"Mwalimu, vitanda vya bweni vimepandana vitatu vitatu. Huo umbali mnasema, mtauweka wapi?"

"Tutajaribu, mama."

"Na maji yakikatika?"

"Tutajaribu."

Wazazi waliguna. Afande mmoja, bado na sare, akasema hata askari hulala hivyo na hawafi. Wengine walicheka. Mama alizunguka nyuma ya madarasa, akafungua bomba. Likakohoa hewa.

Jioni nilimsikia baba jikoni. "Amri imetoka juu. Shule imeruhusiwa."

"Amri haina mtoto mgonjwa," mama akajibu. "Huyu akilala bweni, ataugua huko. Akisoma kwingine akirudi hapa kila siku, ataugua yule."

Ndipo ikaamuliwa niende Mbale, kwa mama mdogo Khainza, aliyeishi Nkoma karibu na shule ndogo ya kutwa. Nisirudi mpaka mtihani uishe. Waliniambia wakiwa wameketi wote wawili, kama watu wanaotoa habari ya msiba. Sikusikia neno shule. Nilisikia kwamba mimi ndiye ugonjwa, na ninaondolewa.

Mama mdogo alikuwa mpole, lakini sare yangu iliishia mlangoni, na sikugusa hata kikombe kabla ya kuoga. Vumbi likinikwaruza koo, nilikohoa ndani ya mto wa kulalia nisisikike. Mama alipopiga simu aliuliza kwanza, "Umekohoa?" Salamu zilifuata baadaye.

Jumapili moja simu ilipigwa na baba. Mama alikuwa hospitali, Opolot akiongezwa damu. Niliomba kurudi.

"Kaa huko, mwanangu," alisema. "Soma."

Nilikaa. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu siku nzima na sikusoma hata mstari. Kumbe aliugua hata bila mimi, niliwaza kwa uchungu. Basi walinifukuza bure.

Opolot alipona. Nilipofanya mtihani nikarudi nyumbani, alitoka mbio barazani kwa miguu yake myembamba. Mama alimshika shati kwa nyuma. Nikasimama. Kisha akamwachia, naye akanirukia, nikahisi mbavu zake zote.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mwaka ule mama alimchagua mtoto mmoja. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami niliusema msemo huo shuleni bila kuufikiri. Mwaka jana, tukimenya matoke pamoja, ndipo nilipothubutu kumwuliza alimwogopea nani zaidi kati yetu wawili.

Hakuinua kichwa.

"Opolot nilikuwa namwona," alisema. "Nikiamka namgusa, najua joto lake. Wewe nilikuwa nasikia sauti tu kwa simu."

Akaendelea kumenya. Nami nikajua ni nani aliyekuwa akimkosesha mama usingizi mwaka ule.