Miche ya Mama

Kazi yangu, ukiondoa maneno ya vyeti, ni kuwafuga fukusi wa migomba na kusubiri wafe. Fukusi ni mdudu mweusi, mdogo, mwenye mdomo mrefu. Mabuu yake hutoboa kitako cha mgomba chini ya ardhi mpaka mgomba unaanguka na mkungu wake. Wadudu wengi huishi wiki chache tu, lakini huyu huishi miaka, na mimi nimekuwa nikitafuta katika vinasaba vyake kwa nini anachelewa hivyo kuzeeka. Nawaweka kwenye makopo ya plastiki, kila mmoja na alama ya rangi mgongoni, na kila asubuhi nawagusa kwa brashi nione nani hajaamka. Mama yangu, ambaye shamba lake liko juu kidogo ya Kiwira, aliwahi kuniuliza kama nalipwa kwa kukaa matanga ya wadudu.

Mama alikuwa na desturi yake. Kila binti wa ukoo au wa jumuiya ya kanisani akiolewa, alimpelekea miche mitatu ya ndizi za kupika kutoka migomba iliyozunguka nyumba yetu. Aliichimba mwenyewe na kuifunga kwa majani makavu pamoja na udongo wake. Sisi wataalamu tunafundisha kinyume: menya kitako kwa kisu mpaka kiwe cheupe, kichovye kwenye maji ya moto kuua mayai na mabuu, ndipo upande. Nilipomwambia hivyo alinitazama kwa huruma.

"Nimpelekee bibi harusi mgomba uchi, gwe, mwanangu? Ukweni kwake watasema nini?"

Nikaacha. Kubishana na mama yangu ni kazi, na nilikuwa na kazi nyingine.

Baadaye tulikusanya fukusi kutoka mashamba mengi ya wilaya. Mdudu huyu huruka kwa nadra sana. Hutembea, tena kivivu. Nilitegemea wale wa vijiji vilivyotenganishwa na mito na mabonde wawe wageni kwa wenzao. Vinasaba vikaonyesha ni ndugu. Niliposoma orodha ya mashamba yale niliona kwamba kwenye kila nyumba nilikuwa nimekula wali wa harusi. Nikaenda kumsalimia mama, nikatega fukusi wake kimyakimya. Wa kwake walikuwa na aina zote za urithi tulizoziona wilayani. Kwingine kote kulikuwa na kipande tu cha urithi huo. Wametoka kwake.

Niliogopa. Mama alikuwa mjane, mzee, na heshima yake kwa watu ilikuwa miche ile. Kwenye ripoti nikaandika kwamba chanzo hakikubainika. Uongo huo uliandikika haraka kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuandika kazini.

Miezi michache baadaye binti wa dada yangu aliolewa, akahamia kwa mumewe kando ya mashamba ya chai. Mama akachimba miche. Nilisimama pale nikamwangalia akiifunga, na bado ningeweza kusema. Badala yake nilifungua buti ya gari nikaipakia mwenyewe.

Mwaka wa pili mvua ya masika ilikuja na upepo, na migomba ya yule binti ikalala chini, pamoja na ile ya mama mkwe wake iliyokuwa jirani. Alikuwa na mtoto mchanga, na hawakuwa na shamba lingine. Nilimpeleka mama. Alichukua panga, akapasua kitako kimoja, akakuta mabuu kwenye matundu meusi.

"Hawa wametoka wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia yote.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya harusi."

Alikaa juu ya mgomba ulioanguka. "Ungeniambia ningeacha," alisema taratibu. "Nimemzika baba yako, nimezika watoto wawili. Wewe ukaona miche ndiyo itakayoniua?"

Ripoti niliisahihisha wiki ile ile, na hilo lilikuwa jepesi. Mama alitaka nimzungushe kwa kila aliyempa miche. Tulitumia siku nyingi. Kila nyumba alishuka akiwa na kitenge chake cha kanisani, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama: "Migomba niliyokupa ilikuwa na wadudu. Sikujua. Naomba unisamehe." Mimi nilikuwa nyuma yake na kisu na sufuria, tayari kuonyesha jinsi ya kumenya kitako na kukichovya.

Hakuna nyumba hata moja alikosema kwamba mwanawe alijua. Wanawake wale walimshika mikono, wakamwambia ndaga, asante, mama, usijali. Kisha walinigeukia, wakanishukuru mimi, mtaalamu, kwa kuwaletea habari mapema. Nami nikaitikia.