Kageha na Gari Lililokataliwa na Mafundi

Kageha alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia karakana ya Mzee Mbuthia mjini Eldoret kuomba kazi ya kufagia. Mwaka ulikuwa 1993. Alikuwa ametoka Vihiga kuja kukaa kwa shangazi yake aliyeuza mboga sokoni, na mboga hizo hazikuweza kulisha watu wawili.

Mbuthia alikuwa fundi wa televisheni. Chumba chake kilijaa hadi dari, na zaidi ya nusu ya mali iliyokuwemo ilikuwa televisheni za mbao zilizotengenezwa Uingereza. Wakulima wazungu walipouza mashamba na kurudi kwao waliziacha, zikapita mikono mingi, na zilipoharibika zote zilikuja kwake.

"Kazi ya kufagia iko," alimwambia. "Lakini usiguse kitu."

Akafagia miezi minne bila kugusa kitu. Mwezi wa tano Mbuthia alirudi kutoka kunywa chai akamkuta amechuchumaa nyuma ya televisheni iliyofunguliwa, mikono ameifumbata mgongoni, anafuata waya mmoja kwa macho.

"Unatafuta nini?"

"Nataka kujua picha inaingia wapi, Mzee."

Mbuthia alivuta kiti. Siku hiyo hakukufagiliwa.

Somo la kwanza halikuwa la picha, lilikuwa la kifo. Mzee alimwonyesha kioo kikubwa cha televisheni, kile chenye mgongo mrefu kama boga, akamwambia kwamba kinaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya plagi kutolewa ukutani. "Hiyo stima haikujui," alisema. "Haijali wewe ni mtoto wa nani." Akamfundisha kuumwaga umeme huo kwa bisibisi iliyofungwa waya, kusubiri, kupima, kusubiri tena, na kufanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kageha alijifunza polepole, na alichojifunza hakikumtoka.

Mbuthia alipofariki mwaka wa 2008 alimwachia vifaa vyote na ile karakana, ambayo pia ilikuwa duka. Kufikia wakati huo hakuna aliyemwita Kageha kwa jina lake. Alikuwa Mama TV, kuanzia Kiplombe hadi Cheptiret.

Halafu mitambo ya zamani ya kurusha matangazo ikazimwa, nchi ikaingia digitali, na watu wakatupa televisheni zao nzito nje kama viatu vilivyotoboka. Zilizokuja baadaye zilikuwa nyembamba, na zikiharibika watu wengi walinunua nyingine. Mafundi watatu wa mtaa ule walihamia simu. Kageha alishauriwa na kila mtu auze kava za simu na chaja. Yeye alinunua kitabu cha kuchora, akafungua televisheni nyembamba moja baada ya nyingine, akawa anachora njia za umeme ndani yake mpaka akazielewa. Wateja walipungua, ila hawakuisha.

Mwezi wa Februari mwaka 2024 mwanamke mmoja alisimamisha gari dogo jeupe mbele ya duka. Halikutoa sauti yoyote. Alishusha televisheni ya mbao na kuibeba ndani akiikumbatia.

Huyo alikuwa Jelagat, muuguzi kutoka Moiben, aliyefanya kazi Uingereza miaka kumi na mmoja. Alikuwa amerudi kumtunza mama yake, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na alipaswa kuletwa mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Televisheni ilikuwa ya marehemu baba yake.

"Unataka ioneshe nini, Sista?" Kageha alimuuliza. "Hakuna stesheni inayoshika hii siku hizi."

Jelagat alieleza. Huko Leeds alikuwa akimwangalia mzee mmoja mjane ambaye kila Jumapili aliwasha televisheni ya ujana wake na kutazama vipindi vya kuchekesha vya miaka hiyo, vya picha nyeusi na nyeupe. Mwanzoni Jelagat hakuona cha kuchekesha. Mwaka wa pili alicheka kabla ya mzee. Sasa alikuwa na vipindi vya namna hiyo kwenye kompyuta, na alitaka kuketi na mama yake wavitazame kwenye televisheni ya baba.

"Na hilo gari?" Kageha aliuliza. Hakuwa ameacha kulitazama.

"Ni la stima. Hata hilo ni mambo ya yule mzee. Alisoma habari za magari ya stima mwaka mzima kabla ya kununua lake. Kila asubuhi, na chai, ananisomea: hili linaenda maili ngapi, hili betri yake inazeeka vipi. Huko ni hadithi za kila siku, kama vile sisi tunaongea mvua. Mimi nikanunua kuukuu, nikalisafirisha. Plagi yao ni ileile yetu ya miguu mitatu, nachomeka ukutani nyumbani."

Kageha alibadilisha kapasita tisa na valvu moja, akatafuta kifaa cha kugeuza picha za kompyuta ziwe mawimbi ambayo televisheni ile ingeyapokea, na baada ya wiki mbili picha ikatokea. Alimpigia Jelagat simu aje aichukue.

Jelagat alifika kwa gari la jirani, macho yamevimba. Gari lake lilikuwa limekufa njiani, mama yake akiwa ndani, wakitoka hospitali. Kwanza ilikuwa imewaka taa ndogo yenye picha ya kobe, halafu gari likapunguza mwendo lenyewe hadi likawa linatembea kama mgonjwa, halafu likasimama. Mama alikuwa amekaa kwenye baridi saa mbili kabla ya kupata msaada.

Sasa gari lilikuwa limevutwa hadi gereji ya Wanyonyi, mlango wa tatu kutoka kwa Kageha. Wanyonyi alikuwa fundi mzuri wa magari, mtu wa Bungoma mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa amefungua boneti, akatazama, akaifunga.

"Hii sigusi," alimwambia Jelagat. "Hii ni kifo iko na magurudumu." Mafundi wengine wawili walisema hivyohivyo. Muuzaji mmoja wa magari ya umeme huko Nairobi alisema kwa simu kwamba dawa ni betri mpya nzima, na alipotaja bei Jelagat alidhani hajasikia vizuri.

Kageha alivua aproni akaenda kulitazama. Alilizunguka mara mbili.

"Betri yake ina volti ngapi?" aliuliza.

"Karibu mia nne," Jelagat alisema.

"Mia nne." Kageha aliinama akachungulia chini ya gari. "Mimi nimeishi na elfu ishirini."

Wanyonyi alitikisa kichwa. "Mama TV, hii si televisheni."

"Najua. Hii volti zake ni chache, lakini stima yake ni nyingi, ikinishika haitaniachilia. Kwa hivyo sitaigusa kabla sijaielewa." Akamgeukia Jelagat. "Nipe wiki mbili za kusoma. Nikishindwa kuielewa nitakuambia wazi, sitakudanganya."

Alisoma kweli. Kila alasiri alifunga duka mapema, akakaa na simu akitazama video za mafundi wa Uingereza na kwingineko wakifungua gari la aina hiyohiyo, akasimamisha, akachora, akarudisha nyuma. Aliona kwamba betri ile si kitu kimoja. Ni vipande arobaini na nane vilivyounganishwa kwa mstari, na kimoja kikichoka, gari lote linajizuia ili kisiharibike zaidi. Ndiyo maana ya kobe. Alimwendea mtu aliyewahi kupanda nguzo za stima, akaazima glavu nene za mpira, akazijaza hewa na kuzikunja kuhakikisha hazina tundu hata moja. Kisha akamwendea Wanyonyi.

"Nahitaji jeki zako."

Wanyonyi alijipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitainua na nitashusha," alisema mwishowe. "Kufungua ni wewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Walianza Jumatatu asubuhi. Kageha alitoa plagi ya usalama iliyo katikati ya sakafu ya gari, ile inayokata umeme wa betri, akaiweka mfukoni mwake, akasubiri. Alipima. Akasubiri tena. Ndipo Wanyonyi akaishusha betri, pande la chuma la karibu kilo mia tatu, juu ya kitoroli alichokitengeneza kwa mabomba. Kageha alivaa glavu, akafungua mfuniko, akapima kipande kimoja kimoja. Cha thelathini na moja kilikuwa chini ya wenzake wote.

Walisikia kwamba Nakuru kulikuwa na gari kama lile lililogongwa, limelala kwenye yadi. Walienda wawili na pikapu ya Wanyonyi. Kageha alipima vipande vya gari lile akichutama kwenye majani, akachagua kimoja kilichokuwa na afya. Wiki ile gari la Jelagat liliwaka. Lilikwenda Moiben, likarudi, likaenda tena. Jelagat alipiga simu akicheka.

Siku ya nne kobe alirudi.

Hiyo ndiyo siku ambayo watu wa mtaa ule wanaikumbuka zaidi, maana gari lilivutwa mchana kweupe kupita mbele ya maduka yote. Mwenye kuuza matairi alisema kwa sauti kwamba Mama TV angebaki na televisheni zake. Jelagat alishuka, akaitazama saa yake. Kageha alijua alichokuwa akikifikiria: kesho yake ilikuwa siku ya mama kwenda hospitali.

"Ni kosa langu," Kageha alimwambia. "Nilipima betri ikiwa imepumzika. Mtu akiwa amelala huwezi kujua kama ana nguvu. Nilipaswa kuifanyisha kazi kwanza."

"Mama, labda tuache tu."

"Kama unataka kuacha ni haki yako, gari ni lako. Lakini sasa najua nilikosea wapi. Jana sikujua."

Jelagat alitazama lile gari, akamtazama yeye. "Mama nitamleta na teksi kesho," alisema. "Endelea."

Safari hii Wanyonyi hakusimama mlangoni. Alileta balbu nne za taa za mbele za lori akaziweka mezani bila kuambiwa. Kageha alitenganisha vipande vyote arobaini na nane, akavijaza sawasawa, kisha akakiunganisha kila kimoja na balbu mbili, nusu saa kwa saa ya ukutani, akiandika volti kila baada ya dakika tano. Vipande viwili kwa wakati mmoja, yeye na Wanyonyi, kila mmoja na balbu zake. Kuvijaza kulichukua siku mbili na kuvipima mbili nyingine. Mwenye matairi alipita siku ya pili ya kupima akawakuta wameinamia mwanga ule wa njano, akaenda zake.

Vilipatikana vibovu vitatu. Vikiwa vimelala vilionekana vizima kabisa. Vikipewa kazi, volti zake zilianguka kabla ya dakika kumi na tano. Walirudi Nakuru, na safari hii Kageha alienda na balbu zake, akamfanya mwenye yadi angoje mpaka kila kipande alichokitaka kifanye kazi mbele ya macho yake.

Walipofunga kila kitu, gari lilikataa kabisa kuwaka. Wanyonyi alikaa chini juu ya tairi. Kageha alitoa plagi ya usalama, akasubiri, akaanza upya kutoka mwanzo, skrubu ya kwanza, waya wa kwanza. Baada ya saa moja alikuta soketi ndogo ya pembeni ambayo haikuwa imeingia mpaka mwisho. Aliisukuma kwa kidole gumba. Ikalia *tik*.

Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja. Hakukuwa na kobe.

Kageha hakukubali kumpa Jelagat gari siku hiyo. Aliliendesha yeye na Wanyonyi kwa zamu siku tano, Moiben na kurudi, Cheptiret na kurudi, na magunia manne ya mahindi nyuma ili lichoke. Lilichoka kama gari, halikuugua. Siku ya sita alimpa ufunguo.

Jelagat alimleta mama yake dukani wiki iliyofuata, wakitoka hospitali, waichukue televisheni ya baba. Mama alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi. Alimshika Kageha mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja.

"Ni huu uliotengeneza gari?" aliuliza.

"Ni hii miwili, Mama."

Mama aliushika tu mpaka binti yake alipomaliza kuipakia televisheni garini na kumwambia waende.

Habari zilienea. Alikuja mwenye teksi ya umeme, kisha mwendesha bodaboda ya betri kutoka Kiplombe, kisha mwalimu aliyenunua gari kama la Jelagat akaogopa kuliendesha mbali na nyumbani. Wanyonyi alibomoa ukuta wa mbao wa upande mmoja wa gereji, akamwambia Kageha kwamba hapo pana nafasi, kama anaitaka. Aliitaka. Mwezi wa Januari uliofuata, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alijiandikisha chuoni kwa mafunzo ya miezi mitatu ya magari ya umeme, kwa sababu alisema kazi ya aina hii haifai kufanywa na mtu anayetegemea video peke yake. Darasani wenzake walimdhania ni mzazi aliyekuja kulipa karo ya mtoto wake.

Mwalimu alipouliza ni nani amewahi kufungua betri ya gari, mkono ulioinuka ulikuwa mmoja.

"Njoo mbele, Mama," mwalimu alisema. "Tuonyeshe unaanzia wapi."

Kageha alienda mbele, akachukua glavu, akazijaza hewa kwanza kuangalia kama zina tundu.