Samaki wa Chumvi wa Baba

Harufu ya makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, inanipiga puani kila nikipita duka la Wareno hapa Turffontein, Joburg, na hasira ya utotoni inaamka nayo. Baba yangu alikuwa Mreno mwenye duka kule Kalemie, mama yangu Mluba aliyempikia. Shuleni sikufika mbali, lakini nikiwa na miaka tisa nilijua kuloweka samaki huyo: siku mbili majini, maji unabadilisha mara tatu, la sivyo ulimi unaungua.

Mwaka ule mke wa baba akaja kutoka Ureno. Watoto wa mtaani waliniita Chokaa kwa rangi yangu; yeye hakuniita chochote, alininyooshea kidole tu. Baba akaniahidi, "Krismasi utakaa mezani nasi, binti yangu." Lile "binti yangu" nilitembea nalo kama mtu aliyebeba yai. Samaki nikaloweka mwenyewe, mama akanishonea gauni. Siku ilipofika, wageni wakiwa mezani, nikavuta kiti. Yule mwanamke akasema kwa Kireno, akidhani sisikii, "Huyu anakula jikoni na mama yake." Nikamtazama baba. Baba akatazama uma wake. Basi nikarudi jikoni, samaki alikuwa bado motoni, nikamrudishia chumvi yote niliyomtoa, viganja vitatu. Wageni walitema. Baba alikula mpaka mwisho, macho mekundu. Kesho yake tulifukuzwa. Mama hakunichapa. Njiani alisema tu, "Ungetia vinne."

Leo mjukuu wangu Grasia, mzaliwa wa hapa Joburg, nikimsemesha Kiswahili anajibu Kizulu. Juzi nilikwenda naye kwenye duka lile, na mwenye duka, bibi Mreno wa rika langu, aliniona nikichagua samaki. "Nani alikufundisha?" Nikamjibu kwa Kireno chake, "Baba yangu. Mreno." Akamgeukia mteja wake, wakacheka. "Kila mmoja wenu ana baba Mreno." Barabarani naitwa mgeni, dukani naitwa mwongo. Grasia akanivuta mkono. "Eish, nyanya, twende." Hatukuondoka mpaka nilipompata samaki mnene kuliko wote.

Kwangu Grasia anakaa kichwani mwa meza, na anapakuliwa wa kwanza. Samaki wake namloweka, maji nabadilisha mara tatu, hata nne. Lakini yule bibi wa dukani akinialika kwake siku moja, nitavaa gauni langu zuri, nitaenda, na kupika nitapika mimi.