Mguu wa Mama Yangu

Nina stashahada ya huduma kwa wateja. Niliipata Doha, nikisoma baada ya zamu, na hakuna aliyeninunulia hata kitabu. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni hotelini. Nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa mapokezi, na wale waliokuwa wakiniamuru walisimama nikipita. Leo nina ofisi yangu mwenyewe upande wa Makupa. Mambo ya huduma nayafahamu, na kwa kuyafahamu huko ndiko nilikomponza mama yangu.

Niliporudi nilimkuta yuko peke yake katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, mjane, na kila mwezi huenda kliniki ya sukari katika zahanati ya serikali. Mara ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi la mbao saa tatu na dakika arobaini. Nilipima kwa saa yangu. Feni ilikuwa haizunguki, choo kimetiwa kufuli, na dawa mojawapo aliyoandikiwa haikuwapo. Wanawake wenzake wa benchi, majirani wengi wao, walikuwa wakisimuliana harusi na talaka za watu kana kwamba wako ukumbini kwao.

Hatimaye muuguzi akafika kwetu, mwanamke wa makamo kutoka bara, ana msalaba mdogo shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Njema, alhamdulillah."

"Na miguu?"

"Haina neno."

Kwetu hilo ndilo jibu. Mtu akiulizwa hali husema njema, hata akiwa yu taabani. Ubaya wake huutoa baadaye, kidogo kidogo, kwa yule mwenye subira ya kumuuliza tena.

Jirani mmoja hakuwa na subira hiyo. "Sista, usimuamini huyo! Jana nimemuona ngazini yuwachechemea kama kuku alokanyagwa!"

Benchi zima likacheka. "Umbea wako utakuzika," mama akamwambia, naye akicheka.

Muuguzi akavaa glavu, akachuchumaa, akamvua ndara, akamtanua vidole vya mguu kimoja kimoja, mbele za watu. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kule nilikofanya kazi, mteja hadhalilishwi hivi hadharani.

"Kaka," alisema bila kuinua uso, "mama yako hasemi. Ni lazima aulizwe, halafu asiaminiwe."

Niliona ni ufidhuli. Mwezi uliofuata nikamhamishia hospitali ya binafsi.

Nami sitadanganya, ilikuwa hospitali nzuri. Mlango wa vioo, hewa baridi, maji ya kunywa, dawa zote zipo. Kutoka mapokezi hadi kutoka nje, dakika ishirini na sita. Damu yake ilipimwa vizuri kuliko ilivyowahi kupimwa, na sukari ikashuka kweli. Niliwasimulia watu wote ofisini. Kwa kuwa sikutaka aingie pale na ndara, nilimnunulia viatu vya ngozi vya kufunika na soksi nyeupe. Alivitazama sana. "Vya mabibi hivi," akasema. Alivivaa kila tulipokwenda, na nyumbani pia nikimtembelea.

Binti wa mapokezi alikuwa na adabu zake. Alimsomea maswali kutoka kwenye kompyuta ndogo. "Una maumivu popote? Una kidonda chochote?"

"Hapana, mwanangu. Alhamdulillah."

Binti akabonyeza, swali likapita. Daktari akasoma yaliyojazwa, akasoma majibu ya damu, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeketi kando, nikiona fahari. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha vijana wa mapokezi kule Doha: uliza mara moja, kwa heshima, na usimchoshe mgeni.

Tulikwenda mara tatu. Mara ya nne, ndani ya teksi, nilisikia harufu. Nilidhani ni samaki wa mtu aliyepanda kabla. Daktari alipoisikia alimwomba avue viatu. Soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umepanda.

Walimkata chini ya goti. Kazi waliifanya vizuri, na hakuna aliyetusemesha vibaya hata mara moja.

Alipozinduka vyema nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukusema?"

"Kwanza sikuhisi. Nilipokiona kidonda, nikawaza kitapoa."

"Uliulizwa lakini."

"Niliulizwa na mtoto wa watu, nawe umeketi pale umevaa tai. Nimwambie viatu alivyoninunulia mwanangu vyanibana?" Alinipapasa mkono. "Ungeaibika."

Karani alileta karatasi: je, familia itauchukua mguu, au hospitali iuteketeze? Nilitia saini kwamba tutauchukua. Walinikabidhi ukiwa umefungwa vizuri, nikaubeba mapajani hadi makaburini pamoja na shemeji yangu. Tuliuvika kitambaa cheupe, tukachimba shimo fupi, tukauzika bila sala, maana kiungo cha aliye hai hakisaliwi. Ulikuwa mwepesi. Udongo ulipokwisha kurudi nilipiga magoti, nikausawazisha kwa viganja.

Nilirudi hospitalini na tope kwenye magoti.

"Umeuzika wapi?" mama aliuliza.

"Kando ya baba."

Akafikiri. "Afadhali. Asidhani nimemsahau."

Nilicheka kidogo kwa kuwa nilidhani anatania. Akageukia ukutani, akavuta leso usoni, akalia kwa sauti, mama ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilia kwa sauti. Muuguzi mmoja alichungulia mlangoni, akaona nipo, akaufunga taratibu ili tusisumbuliwe.