Kiti cha Mjukuu wa Bwana

Kaltuma Abduba hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi, nikiwa mpiga taipu katika ofisi ya maendeleo ya jamii pale Isiolo, na kila jioni nilimwaga chai iliyoganda utando wa maziwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mtandio umemteleza mabegani, funguo za Land Rover zikilia mkononi hata siku ambazo gari halikuwa na mafuta. Watu wa mtaa wa Wabera walimwita Upepo. Mimi Kawira, mtoto wa Meru niliyeletwa kule kwa uhamisho nikilia machozi, nilimwita hivyohivyo, ila nilingoja kwanza atoke.

Mwaka wa themanini na saba wakamtwika mzigo. Serikali iliunda tume ya kuadhimisha miaka themanini tangu utumwa upigwe marufuku kwa sheria, na kila wilaya ikatakiwa kuwa na kamati yake. DC, mkuu wa wilaya, alimchagua Kaltuma awe mwenyekiti kwa kuwa kikaoni wengine wote walikuwa wameinamisha vichwa. Tulichoahidiwa ni maktaba, na sharti lilikuwa moja. Siku ya sherehe apatikane mjukuu wa mtumwa, apande jukwaani, afunue jiwe mbele ya mgeni kutoka Nairobi. Mtu akikosekana, maktaba nayo ingekwenda wilaya nyingine.

Watu wa Isiolo wakipanda gari kwenda Nanyuki husema, "Naenda Kenya." Hivyo ndivyo walivyozoea kusahauliwa. Kaltuma alikuwa mwalimu kabla ya kuja ofisini, akafundisha darasa zima kwa kitabu kimoja, na maktaba ile aliitaka mpaka usingizi ukamwisha.

Tukaanza kutafuta. Tulikwenda Oldonyiro siku ya soko la mifugo, vumbi mpaka kwenye meno, naye hata salamu hakumaliza. Akamwendea dalali mmoja wa mbuzi, Ekaale, akamwuliza kama anajua mtu yeyote ambaye babu yake alikuwa mtumwa. Ekaale aliachia sikio la mbuzi aliyekuwa amemshika.

"Mama, hii kitu haiulizwi sokoni," akasema. "Mimi niko na wasichana wa kuolewa."

Mtaa wa Bulla Pesa walitukaribisha kwa chai na kutusindikiza kwa adabu, bila kututajia mtu. Nyumba moja ilituelekeza kwa jirani, na jirani aliposikia tumefuata nini akatoka na rungu, si kutupiga sisi, bali kumfuata aliyetutuma. Kaltuma alirudi garini akicheka, halafu akaanza kutafuna kucha. Nami nilikuwa nimechoka naye. Kila asubuhi ilikuwa ni Kawira twende, Kawira amka, Kawira mbona umekaa. Mtu huyu hata kivuli chake kilikuwa kikihema.

Siku moja nilimfuata nyumbani kwa baba yake, Mzee Abduba, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye nyumba yake Wabera haikosi wageni. Uani palikuwa na Robow akiziba ua kwa matawi ya miiba. Robow nilimjua, sote tulimjua. Alikuwa mchinjaji wa bucha iliyo karibu na msikiti, mtu wa mvi tupu. Asubuhi alimletea Mzee Abduba maini, jioni akatengeneza kilichovunjika. Idd Kubwa alianza kwanza kwa Mzee, akachinja, akachuna, akakata, akapewa kichwa na ngozi, ndipo akaenda kwake. Kitu kimoja kilikuwa kikinikera na sikujua kwa nini. Watoto wa Wabera humwita mzee kila mwenye ndevu, lakini yeye walimwita Robow tu, kama mwenzao.

"Kwani Robow ni ndugu yenu?" nikamwuliza Kaltuma.

"Huyu? Huyu ni mtu wetu."

"Mtu wenu vipi?" Sisi Wameru hatujui kunyamaza.

"Mama yake aliletwa na babu kutoka upande wa mto Juba, kule Somalia, pamoja na ng'ombe," akasema, kwa wepesi ule wa kueleza sufuria ilikonunuliwa. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Aliweka kikombe chini, akakaa, na huyo Kaltuma asiyekaa alikaa mpaka Robow akamaliza ule ua na kuondoka. Tulikuwa tumezunguka wilaya nzima tukimtafuta mtu aliyekuwa akitufungulia lango.

Kesho yake tukaenda buchani. Kaltuma alizungukazunguka maneno, akasifu nyama, akauliza mbuzi wanauzwaje. Robow akamkatiza.

"Najua kitu umekuja kutafuta, binti ya Mzee. Bulla Pesa yote inajua. Nilikuwa nangoja nione utamaliza milango ngapi kabla ya kufika hapa."

"Utakuja?" Kaltuma akauliza kwa sauti ndogo.

Robow akapangusa kisu. "Nyinyi mnatafuta mjukuu ya mtumwa. Mjukuu ya bwana mmetafuta? Hata mimi ni mtoto, si mjukuu. Mtumwa hakujifanya mtumwa peke yake. Wekeni viti mbili. Baba yako akikaa karibu na mimi mbele ya watu, nitafunua hiyo jiwe. Asipokaa, mimi niko na nyama ya kuuza."

Mzee Abduba alisikiliza ujumbe huo tasbihi ikiwa imesimama kidoleni. "Tulimlisha," akasema. "Mama yake tulimzika sisi. Leo niketi juani ninyooshewe kidole kama mwizi?"

"Abba, alifanya kazi hapa mpaka akafa. Tulimlipa nini?"

"Ukiweka kile kiti, mimi usiniite tena Abba."

Nilimwonea huruma Kaltuma, nasema kweli. Alimpenda baba yake kupita kiasi. Juma lile alikonda mbele ya macho yangu, akawa akianza sentensi na kuiacha njiani. Nilimshauri amtafute mtu mwingine yeyote, hata wa kubuni, nani angejua? Alinitazama mpaka nikarudi kwenye taipu yangu.

Siku ya sherehe viti viwili viliwekwa chini, kando ya jukwaa, mbele ya watu wote. Robow alikuja na kanzu nyeupe, akatazama kiti cha Mzee Abduba kilichokuwa kitupu, akabaki amesimama. Mgeni wa Nairobi akahutubia, watoto wa shule wakaimba, na Robow hakuketi. Kaltuma, pale juu kando ya DC, alikuwa akikunja na kukunjua mtandio wake, macho kwenye lango. Baba yake hakuja.

Akashuka. Ngazi zile za mbao zilimlilia kila hatua. Akaketi kwenye kiti kitupu, na DC alipomwashiria arudi juu, Kaltuma akatikisa kichwa. Akapewa kipaza sauti.

"Mimi ni Kaltuma, binti ya Abduba, mwana wa Jaldesa. Jaldesa alimmiliki mama yake Mzee Robow. Sisi tuliendelea kula kazi yao mpaka juzi."

Mzee Robow! Nilisikia mwanamke nyuma yangu akilirudia jina hilo taratibu. Robow akaketi kidogo kando yake, kisha akainuka, akafunua jiwe, akasema neno moja tu kwenye kipaza sauti: "Abiba." Lilikuwa jina la mama yake.

Baada ya hapo ndugu zake Kaltuma waliacha kumsalimia. Mzee Abduba alikula chakula alichopika binti yake lakini hakumsemesha. Maktaba ilijengwa kweli, na mpaka nahamishwa ilikuwa bado inangoja vitabu.

Ikafika Idd Kubwa. Nilikwenda kwao, maana pilau haina ugomvi na mtu. Mbuzi alikuwa amefungwa uani, maji yamechemka, Mzee ameketi na kisu mapajani. Robow hakutokea. Jua likapanda. Vijana wa nyumbani walitazamana, hakuna aliyejua kuchuna bila kutoboa ngozi. Kaltuma alizunguka ua huku na huku, na mara hii hata mimi sikuweza kutulia.

Mwishowe Mzee Abduba akaweka kisu chini, akachukua bakora, akatoka. Tulimfuata mbali kidogo mpaka Bulla Pesa, watu wakisimama kumtazama. Robow alikuwa mlangoni kwake, amemning'iniza mbuzi wake mwenyewe, anachuna. Kawaida ya pale ni kwamba anayefika ndiye hutoa salamu, na maisha yote aliyekuwa akifika ni Robow.

Mzee alisimama.

"Salaam aleikum, Robow."

Robow hakugeuka mpaka ngozi ilipofika shingoni.

"Aleikum salaam," akasema. "Ngoja hapo. Mimi niko na kazi yangu."

Hapakuwa na kiti. Mzee Abduba akageuza debe, akalipangusa kwa kiganja, akaketi, akangoja.