Simu Aliyonichagulia Mwanangu

Kabambe yangu, kasimu ka bei nafuu ka vibonyezo, ilipokufa, nilitaka kununua nyingine kama hiyo pale sokoni Kyuso. Ndugu yangu alikuwa mgonjwa kwake kule Matiliku, na kila jioni tuliomba pamoja kwa simu.

Mwanangu alikataa. "Baba, hizo ni takataka. Ngoja nilinganishe kamera na betri."

Alilinganisha mwezi mzima. Nilivumilia, nikimshukuru Mungu kwa mtoto anayenijali.

Alipoileta simu mpya, nilimpigia ndugu yangu mara moja. Alipokea binti yake.

"Baba mkubwa, tulimzika Jumamosi. Kila jioni alisema nikupigie muombe. Hukupatikana."

Simu ikiwa bado sikioni, mwanangu aliniuliza, "Sauti si iko safi, Baba?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa nimesikia kila neno.